Nasafiri peke yangu na watoto wawili walio chini ya miaka miwili: nitawapakata wote?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Natarajia kusafiri peke yangu na wanangu wawili. Mkubwa ana miezi 23 na atatimiza miaka miwili tukiwa huko, siku chache kabla ya kurudi. Mdogo ana miezi mitano na ananyonya. Tutapanda ndege mbili za mashirika tofauti, tukibadilisha njiani. Rafiki yangu anasema watoto wa chini ya miaka miwili hawalipiwi, niwapakate wote. Shangazi yao anasema wakati wa kurudi niseme mkubwa bado hajafika miaka miwili, maana ana umbo dogo. Nifanye nini? Pia naomba unieleze kuhusu maziwa, masikio ya watoto na kigari chao.

Jibu: Marahaba, mama. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kulipa, kwa sababu ushauri wa rafiki yako ungekukwamisha kaunta siku ya safari, na pale hakuna nafasi ya kupanga upya.

Hutaweza kuwapakata wote wawili. Kanuni inayofuatwa karibu na kila shirika la ndege ni mtu mzima mmoja kwa mtoto mmoja wa mapajani. Wa pili lazima awe na kiti chake kilicholipiwa, na kwa kuwa hajatimiza miaka miwili, mashirika mengi yatataka afungwe kwenye kiti cha mtoto kilichoidhinishwa kutumika ndani ya ndege. Yapo yanayokaza zaidi, yakataka kila mtoto mchanga awe na mtu mzima wake. Ndiyo maana simu ya kwanza kwa shirika upige kabla hujanunua chochote, uwaambie hivi: mtu mzima mmoja, watoto wawili chini ya miaka miwili, mnakubali kwa masharti gani? Ukikuta shirika linalokataa, ni bora ulijue leo.

Kanuni hii haikuwekwa ili kuongeza mauzo ya viti. Tazama juu ya kichwa chako ukiwa ndani ya ndege. Kwenye safu ya viti vitatu kwa kawaida kuna barakoa nne za oksijeni, yaani moja tu ya ziada. Hewa ikipungua ghafla, mtoto wa mapajani anatumia hiyo ya ziada. Wakiwa wawili kwenye safu moja ya viti vitatu vyenye abiria, mmoja anakosa. Ndiyo sababu pia wahudumu humwomba mzazi mwenye mtoto mchanga ahame safu hata kama alichagua kiti chake wiki kadhaa kabla. Halafu kuna suala la kutoka. Ndege ya abiria haipewi kibali mpaka ithibitike kuwa watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90 huku nusu ya milango ya dharura ikiwa haitumiki. Hebu wazia sekunde hizo ukiwa na watoto wawili mikononi na giza ndani ya ndege. Kwa sababu hiyohiyo hutapewa kiti kilicho kwenye safu ya mlango wa dharura, kwa hiyo usihangaike kukiomba.

Basi mmoja anunuliwe kiti, na kwa hali yako awe mkubwa. Hapa ndipo tarehe yake ya kuzaliwa inapoingia. Mashirika hutazama umri wa mtoto siku ya kila safari ya ndege, wala hawaishii kwenye siku uliyonunua tiketi. Siku anayotimiza miaka miwili anakoma kuwa mtoto wa mapajani na anahesabiwa mtoto wa miaka 2 hadi 11, ambaye lazima awe na kiti. Baadhi ya mashirika yanakuuzia tiketi ya mtoto mchanga kwenda na ya mtoto mwenye kiti kurudi. Mengine yanataka nauli ya mtoto kwa safari nzima ikiwa siku hiyo inaangukia katikati. Ukimnunulia kiti cha kwenda na kurudi tangu mwanzo, umemaliza matatizo yote mawili kwa mkupuo: la kupakata wawili na la umri.

Kuhusu kusema uongo, mama, nakusihi usifanye. Tarehe ya kuzaliwa iko kwenye pasipoti na iko kwenye tiketi, na mfumo wa kompyuta unahesabu wenyewe. Mhudumu wa kaunta akiona miaka miwili na siku tatu hana ruhusa ya kukuachia, hata akikuhurumia. Utatakiwa ununue kiti pale pale kwa bei ya siku hiyo, ambayo kwa kawaida ndiyo ya juu kuliko zote, na ndege ikiwa imejaa mtabaki.

Sasa gharama. Katika safari za kimataifa, mtoto wa mapajani hutozwa mara nyingi asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima, pamoja na kodi na tozo. Katika safari za ndani ya nchi, mashirika mengi hayatozi kitu, na pengine ndiko rafiki yako alikotoa maneno yake. Lakini hata pale asipotozwa, mtoto lazima aandikwe kwenye tiketi yako. Ndege haiondoki mpaka idadi ya roho zilizomo ijulikane, na mtoto asiyeandikwa ni abiria asiyejulikana. Mwandike mdogo kwenye tiketi yako wakati uleule unapoinunua, jina lake liwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Kwa mtoto mwenye kiti, punguzo hutofautiana sana kati ya shirika na shirika, na wakati mwingine nauli ya ofa ya mtu mzima inakuwa chini kuliko nauli ya mtoto. Linganisha zote mbili.

Najua kiti kile ni pesa nyingi kwa familia. Ila naomba nikueleze kwa nini ningependa mkubwa akae kwenye kiti chake hata kama sheria ingekuruhusu umpakate. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United, safari namba 232, iliharibika ikiwa angani na kuanguka ilipojaribu kutua Sioux City, Marekani. Ndani yake walikuwamo watoto wanne wa mapajani. Wazazi waliambiwa wawalaze watoto hao sakafuni na kuwashikilia, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokuwa maelekezo ya wakati ule. Mmoja wao alifariki. Jan Brown, mhudumu mkuu aliyetoa maelekezo hayo kama alivyofundishwa, alitumia miaka mingi baadaye kuwaomba wenye mamlaka wafanye kiti cha mtoto kuwa lazima. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilikataa rasmi mwaka 2005. Hoja yake ilikuwa kwamba wazazi wakilazimishwa kununua kiti, wengi wataacha ndege na kusafiri kwa gari, na barabarani watoto wengi zaidi watakufa. Hoja hiyo ina uzito, na sidharau hesabu iliyo nyuma yake. Lakini FAA hiyohiyo inawasihi wazazi wamfunge mtoto kwenye kiti chake, na inasema wazi kwamba mapajani si mahali salama kwa mtoto ndani ya ndege.

Misukosuko ya hewa ndiyo hatari ya kawaida kuliko ajali. Ndege ikishuka ghafla, mtoto wa kilo 12 anavutwa kutoka mikononi mwako kwa nguvu ambayo hakuna mzazi anayeweza kuishinda, hata awe na mapenzi kiasi gani. Mtoto wa miezi mitano unaweza kumdhibiti kwa namna fulani. Wa miaka miwili, anayejipinda na kutaka kushuka, huwezi.

Hapo kuna tofauti itakayokuchanganya kama mashirika yako mawili yanatoka pande tofauti za dunia. Ukipanda ndege inayofuata kanuni za Ulaya au Uingereza, mhudumu atakuletea mkanda mdogo wa nyongeza unaopita kwenye mkanda wako na kumfunga mtoto wa mapajani tumboni. Atakuambia ni lazima wakati wa kupaa na kutua. Ukipanda ndege ya Marekani, mkanda huohuo umekatazwa wakati wa kupaa na kutua, na utatakiwa umshike mtoto kwa mikono tu. Kila upande una sababu zake: wa kwanza unahofia mtoto kurushwa, wa pili unahofia mwili wa mzazi kumkandamiza mtoto dhidi ya mkanda. Wewe fuata anachosema mhudumu wa ndege uliyomo. Vivyo hivyo kwa mbeleko na vibebeo vya kifuani: vinafaa sana uwanjani na wakati wa kutembea ndani ya ndege, lakini mashirika mengi yatakutaka umtoe mtoto wakati wa kupaa na kutua.

Kiti cha mtoto chenyewe kikague nyumbani. Kiti cha gari kinafaa kama kina maandishi yanayosema kimeidhinishwa kwa matumizi ya ndege. Vile vilivyopitishwa Marekani huwa na maandishi mekundu yanayotaja magari na ndege pamoja. Pima upana wake, kwa sababu kikizidi sentimita 40 hivi kinaweza kukosa kuingia kati ya mikono ya kiti cha daraja la kawaida. Kitafungwa dirishani, ili kisimzuie mtu mwingine kutoka. Viti vya kunyanyulia mtoto visivyo na mkanda wake havikubaliki wakati wa kupaa na kutua. Kama kubeba kiti kizima kunakutisha, na mwanao ana kilo kati ya 10 na 20 na urefu usiozidi sentimita 100, ipo mikanda ya CARES inayozungushwa nyuma ya kiti cha ndege na kumshika mtoto mabegani. FAA iliiidhinisha mwaka 2006, na inaingia kwenye mkoba. Tatizo lake ni kwamba si kila shirika la nje ya Marekani linaikubali, hasa kwa mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Pata jibu la mashirika yote mawili kwa maandishi, uchapishe na uende nalo.

Hilo la maandishi nalisisitiza kwa sababu ya jambo ambalo wasafiri wengi hawalijui. Kinachotawala ni kanuni za shirika linalorusha ndege yenyewe, hata kama tiketi ina jina la shirika jingine. Mashirika huuziana nafasi. Unaweza kununua kwa A na ukapanda ndege ya B, na B akawa na kanuni zake kuhusu kiti cha mtoto, uzito wa mzigo na kitanda. Soma kwenye tiketi sehemu inayosema ndege inaendeshwa na nani, kisha wapigie hao.

Kwa mdogo, omba kile kitanda kinachofungwa ukutani mbele ya safu ya kwanza ya sehemu yenu. Hupatikana kwenye ndege kubwa za safari ndefu, ni vichache, na hutolewa kwa aliyewahi. Mashirika mengi yanaweka kikomo cha kilo 10 au 11 na urefu wa sentimita 70 hadi 75, kwa hiyo mtoto wa miezi mitano kwa kawaida anatosha. Kitanda hakitumiki wakati wa kupaa na kutua, na taa ya mikanda ikiwaka katikati ya safari unamtoa mtoto hata kama amelala fofofo. Jiandae kwa hilo ili lisikuvunje moyo. Safu hiyo ina usumbufu wake pia. Mikono ya viti kwa kawaida hainyanyuki kwa sababu meza imefichwa humo, na begi lako lazima liende juu wakati wa kupaa, kwani hakuna kiti mbele yako cha kuliweka chini yake. Nepi mbili, kitambaa, chupa na nguo ya kubadilisha viweke kwenye mfuko wa kiti kabla hujafunga mkanda. Waeleze shirika kwamba unataka kitanda cha mdogo na kiti cha mkubwa dirishani, bega kwa bega. Usikiache kiti cha mkubwa kipangwe na kompyuta. Canada sheria inalitaka shirika limkalishe mtoto wa chini ya miaka mitano karibu na mzazi wake bila malipo ya ziada, lakini si nchi zote zilizoandika hivyo.

Hati. Kila mtoto awe na pasipoti yake, hata huyo wa miezi mitano, na viza yake pale inapohitajika. Beba vyeti vyao vya kuzaliwa. Kwa kuwa unasafiri bila baba yao, chukua barua yake ya ridhaa yenye tarehe za safari na mawasiliano yake, iliyothibitishwa na wakili. Nchi nyingi huiuliza ili kuzuia watoto kutoroshwa, na ofisa wa uhamiaji ana haki ya kukuweka kando mpaka aridhike. Mkishuka au mkipita kwenye nchi inayodai cheti cha homa ya manjano, chanjo hutolewa kuanzia miezi tisa na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa. Mkubwa anahusika. Mdogo hapaswi kupewa chanjo hiyo akiwa chini ya miezi sita, na nchi zinazodai cheti kwa kawaida huanza kuhesabu kuanzia miezi tisa au mwaka mmoja. Muulize daktari wa watoto, na mweleze safari nzima pamoja na kituo cha katikati.

Maziwa yasikutie hofu. Kikomo cha mililita 100 za kimiminika hakigusi chakula cha mtoto. Marekani, Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zinaruhusu maziwa ya mama yaliyokamuliwa, maziwa ya kopo, maji ya kuchanganyia na uji laini wa mtoto kwa kiasi cha kutosha safari. Vitoe kwenye begi kabla ya kufika kwenye mashine, umwambie mkaguzi ni vya mtoto. Anaweza kuvipima. Uingereza hairuhusu maziwa ya mama yaliyogandishwa kwenye mzigo wa mkononi, ingawa ya kawaida inayaruhusu hadi mililita 2,000 kwa chombo kimoja. Kumbuka kwamba mnapobadilisha ndege mnaweza kukaguliwa tena, na hapo zinatumika kanuni za nchi mliyomo. Vifaa vya kupashia chupa vyenye betri ya lithiamu na pawabenki vikae kwenye mzigo wa mkononi, kamwe visiende kwenye begi la chini. Na ukiomba maji moto ndani ya ndege, mwache mhudumu ayalete akiwa tayari na wewe huna mtoto mapajani, kwani maji hayo yanaunguza vibaya.

Masikio huuma zaidi ndege inaposhuka kuliko inapopaa. Mrija mwembamba unaounganisha koo na sikio la kati hufunguka mtu anapomeza, na kwa watoto ni mfupi na mwembamba zaidi, kwa hiyo huziba upesi. Ndege huanza kushuka karibu nusu saa kabla ya kutua. Ukisikia mngurumo wa injini unapungua, mwamshe mdogo umnyonyeshe, na mkubwa mpe kikombe anywe kidogo kidogo. Wazazi wengi hunyonyesha mapema mno, mtoto akashiba wakiwa bado juu kabisa, akakataa titi pale linapohitajika. Mtoto mwenye mafua makali au maumivu ya sikio aonwe na daktari kabla ya kusafiri. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi usimpe yeyote kati yao ili alale. Kwa umri huu ni za hatari, na baadhi ya watoto wakipewa huchangamka badala ya kusinzia.

Kigari utakisukuma mpaka mlango wa ndege na kukikabidhi hapo. Mashirika mengi yanabeba kigari kimoja na kiti kimoja cha gari bila malipo, ila yapo yanayotaka kigari kiwe cha kukunjika na chepesi ndipo kipelekwe mlangoni. Ukikikabidhi, kihakikishe kimepewa lebo, na uulize swali moja: nitakipata wapi, mlangoni mwa ndege kwenye kituo cha katikati, au mwisho wa safari? Wakikujibu mwisho wa safari, omba msaada wa kuvuka uwanja, kwa sababu utakuwa na watoto wawili bila magurudumu. Msaada huo uombe kwenye simu ileile ya kwanza. Kigari kikirudi kimevunjika, kipige picha palepale na ujaze fomu ya mzigo ulioharibika kabla hujatoka uwanjani. Chini ya Mkataba wa Montreal una siku 7 tangu ulipokipokea kuwasilisha malalamiko kwa maandishi. Baada ya hapo shirika lina haki ya kuyakataa.